Sifuri Mbili Kabla ya Kiingereza Kuanza: Uchambuzi wa Kisa

Kisa kinachochambuliwa hapa kinamhusu mwanafunzi mtu mzima, mwenye ajira ya kutwa, aliyejiandikisha katika kozi ya kwanza ya uandishi wa Kiingereza kwenye chuo kinachofuata mfumo wa krediti wa Kimarekani, yaani vizio vya kupimia uzito wa kozi. Kozi ilikuwa ya krediti 3, ya wiki 8, na ilifundishwa mtandaoni bila vipindi vya moja kwa moja: hakukuwa na saa ambayo darasa zima lilikutana, bali kila mmoja aliingia kwa wakati wake, akasoma, akaandika na kuwasilisha kabla ya muda kwisha. Siku ya tisa tangu kozi ifunguliwe, mwanafunzi huyu alikuwa na sifuri mbili katika daftari la alama, pamoja na barua pepe kutoka ofisi ya usajili iliyomwarifu kwamba asipoonekana kushiriki angeondolewa kwenye orodha ya darasa. Alikata shauri kujitoa, na alipokuja kwangu kuomba ushauri hakuuliza kama ajitoe bali namna ya kujitoa. Sababu yake ilikuwa fupi: Kiingereza chake hakitoshi.

Sababu hiyo haikuwa na ushahidi. Kufikia siku hiyo, hakuna mtu yeyote chuoni aliyekuwa amesoma hata sentensi moja ya Kiingereza chake. Insha aliyoituma haikufunguka, na katika jukwaa la majadiliano hakuwa ameandika neno. Alikuwa ameanguka katika jambo lililotangulia lugha, na kwa kuwa kozi ilikuwa ya lugha, akaipa lugha lawama. Huo ndio mkanganyiko ninaouona mara nyingi kwa wanaoanza kozi za namna hii, na ndio uliofanya kisa hiki kistahili kuandikwa kwa kirefu.

Yaliyotokea

Kozi ilifunguliwa Jumatatu. Jioni ya siku hiyo mwanafunzi aliingia kwa simu kupitia programu ya mfumo wa mafunzo, akatazama video ya mkufunzi ya kuwakaribisha, akafungua silabasi, yaani hati ya mpango na masharti ya kozi, na kuipitia kwa haraka, kisha akaenda kwenye orodha ya kazi, yaani ule ukurasa ambao mfumo wenyewe huwapangia wanafunzi mambo yenye tarehe. Aliona mambo matatu: jaribio fupi kuhusu silabasi, mjadala wa kujitambulisha, na insha ya utambuzi ya maneno 500. Yote matatu yalikuwa na tarehe moja, Jumapili saa 5:59 usiku. Akafikiri, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri, kwamba ana juma zima, na kwamba Jumapili mchana ingemtosha.

Jumapili alianza na jaribio. Alipata 6 kati ya 10, akaona si haba, akaendelea. Maelezo ya jaribio yalisema kwamba lilihitaji alama zote 10, kwamba linaweza kurudiwa bila kikomo, na kwamba moduli ya kwanza, yaani sehemu ya kozi yenye masomo ya mwanzo, isingefunguka mpaka alama hizo zipatikane. Lakini maelezo hayo yalikuwa juu ya kitufe cha kuanzia, na yeye alibonyeza kitufe. Alipofika kwenye mjadala, aligundua katika sentensi ya tatu ya maelekezo kwamba andiko la kwanza lilitakiwa Alhamisi na kwamba Jumapili ilikuwa tarehe ya kujibu maandiko ya wenzake wawili. Alhamisi ilikuwa imepita. Aliona aibu kujitambulisha siku ambayo wenzake walikuwa wamekwisha kuzoeana, akafunga ukurasa bila kuandika chochote.

Ikabaki insha. Swali lilimtaka aandike jibu kwa makala ya wiki hiyo. Aliitafuta makala asiione, kwa kuwa ilikuwa ndani ya moduli iliyofungwa. Akaamua kuandika habari za maisha yake ya shule, ambazo alikuwa na hakika nazo, akaipitisha insha katika programu ya kusahihisha sarufi, kisha akabandika kiungo cha hati aliyokuwa ameiandika mtandaoni. Hati hiyo ilikuwa bado ya faragha, na kiungo hakikumruhusu mtu mwingine kuisoma. Mfumo ulipokea kiungo na kumwonyesha alama ya kijani ya kuthibitisha kwamba kazi imewasilishwa. Jumanne mkufunzi alijaribu kuifungua, akashindwa, akaweka sifuri na kuandika maoni ya mstari mmoja: faili halifunguki, tafadhali wasilisha tena. Kwenye simu, alama huonekana kwanza na maoni hukaa nyuma ya mbonyezo mwingine. Mwanafunzi aliona sifuri, hakuona maoni.

Orodha ya kazi na moduli

Chanzo cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni mahali mwanafunzi alipoingilia. Mifumo ya mafunzo inayotumika vyuoni, iwe Moodle iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 au Canvas iliyofuata miaka kadhaa baadaye, humpa mwanafunzi njia mbili za kuifikia kazi ileile. Njia ya moduli humpitisha kwa mpangilio aliouweka mkufunzi: utangulizi, makala ya kusoma, mfano wa kazi iliyokamilika, vigezo vya alama, halafu kazi yenyewe mwishoni. Njia ya orodha ya kazi au kalenda humfikisha mwishoni moja kwa moja. Ukurasa wa kusoma kwa kawaida hauna tarehe ya kuwasilisha, na kisicho na tarehe hakiingii katika orodha mpaka mkufunzi akiingize kwa makusudi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeongozwa na orodha peke yake anaweza kumaliza kila kitu anachokiona na bado akawa hajakutana na nusu ya kozi.

Katika somo la hesabu pengo hilo hujitangaza mapema, kwa sababu mtu hawezi kukokotoa asichofundishwa. Katika kozi ya uandishi halijitangazi. Swali la insha huonekana kama linajitosheleza. Mtu aliyesoma shule amewahi kuandika insha, na akili humtuma aandike ile anayoijua. Mwanafunzi huyu hakushindwa kuandika, bali aliandika kazi ambayo hakuna aliyemwagiza.

Mtaalamu wa elimu masafa Michael Moore aliwahi kueleza kwamba umbali unaomtenga mwanafunzi na mwalimu katika elimu ya aina hii haupimwi kwa kilomita bali kwa mambo matatu: kiasi cha mazungumzo kati yao, kiwango cha kukazwa kwa mpangilio wa kozi, na uwezo wa mwanafunzi wa kujiongoza mwenyewe. Kozi yenye mpangilio uliokazwa sana na mazungumzo machache humtaka mwanafunzi ajiongoze kwa kiwango kikubwa. Kozi hii ilikuwa hivyo hasa. Darasani mwalimu husema jambo, hulirudia kesho yake, huona uso wa aliyechanganyikiwa na kulisema kwa njia ya tatu. Aliyechelewa huegemea kwa jirani na kunong'ona. Mtandaoni yote hayo hugeuzwa kuwa maandishi yaliyoandikwa mara moja, na asiyeyasoma hana jirani. Si ajabu basi kwamba jaribio la silabasi, ambalo wanafunzi wengi huliona kama utani wa kuanzia, limewekwa mlangoni kama kufuli.

Tarehe mbili katika kazi moja

Hapa sehemu ya lawama inakiangukia chuo, na si sehemu ndogo. Mjadala ulikuwa na tarehe mbili, lakini mfumo ulionyesha moja, ile ya mwisho. Tarehe ya Alhamisi iliandikwa ndani ya aya, bila wino mzito na bila kuingizwa katika kalenda. Mkufunzi anayejua kwamba wanafunzi wake wengi hutumia simu, na kwamba simu huonyesha tarehe kabla ya maelezo, alipaswa kuiweka Alhamisi mbele ya macho yao. Kumwambia mwanafunzi kwamba yote yalikuwa katika maelekezo ni kusema kweli bila kumsaidia.

Hata hivyo, kosa lililomgharimu zaidi mwanafunzi halikuwa kuikosa Alhamisi bali kuiacha Jumapili. Vigezo vya alama vya mjadala ule vilitoa alama 10 kwa andiko la kwanza na 10 kwa majibu mawili, na adhabu ya kuchelewa ilihusu andiko la kwanza peke yake. Angejitambulisha Jumapili na kuwajibu wenzake wawili angeondoka na zaidi ya nusu ya alama zote. Angekuwa pia ameacha alama nyingine, ya kuthibitisha kwamba yupo.

Jambo hilo la kuwapo lina uzito wa kisheria ambao wanafunzi wengi hawaujui. Nchini Marekani, kanuni za serikali kuu kuhusu misaada ya fedha za masomo zinaeleza wazi kwamba kuingia tu katika darasa la mtandaoni hakuhesabiwi kuwa mahudhurio. Kinachohesabiwa ni tendo la kitaaluma, kama vile kuwasilisha kazi, kufanya jaribio, kushiriki katika mjadala wa somo au kumwandikia mkufunzi swali linalohusu somo lenyewe. Mwanafunzi alishangaa kupata onyo la kutoshiriki, kwa sababu alikuwa ameingia karibu kila siku. Aliingia, ndiyo, lakini tendo pekee lililoonekana lilikuwa jaribio lisilokamilika na kiungo kisichofunguka.

Saa zenyewe

Nilipomuuliza alikuwa ametenga saa ngapi kwa juma, alisema tatu au nne. Hesabu ya krediti katika mfumo huo ni hii: kwa muhula wa kawaida wa wiki 15 hivi, krediti moja huchukuliwa kuwa takriban saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea kila juma. Krediti 3 ni saa 9 kwa juma, yaani saa 135 kwa muhula. Kozi ya wiki 8 haipunguzi saa hizo bali huzibana, na 135 ukigawa kwa 8 unapata karibu 17. Alikuwa ametenga chini ya robo ya muda uliotakiwa, na hakuna aliyempa hesabu hiyo wakati wa kujiandikisha. Tangazo la kozi lilisifu wepesi wa kusoma wakati wowote. Wepesi huo upo, lakini ni wepesi wa kuchagua saa. Idadi ya saa haipungui.

Nadhani hapa ndipo pangekuwa na sababu halali ya kujitoa. Mtu asiyeweza kupata saa 15 kwa juma kwa wiki 8 mfululizo hana haja ya kulaumu Kiingereza chake wala kujilaumu mwenyewe. Afaa kuomba kozi ileile katika muhula mrefu. Nilimweleza hivyo kabla ya kugusa jambo jingine lolote, na tukaitazama kalenda ya chuo pamoja. Katika kozi fupi kipindi cha kubadilisha masomo bila gharama na bila kumbukumbu ni kifupi pia, na chake kilikuwa kimepita. Kujitoa sasa kungeacha herufi W, ya kuonyesha kwamba alijitoa, katika nakala ya matokeo na ada isingerudi. Alichukua usiku mmoja kufikiri, akarudi na ratiba: saa moja na nusu kila alfajiri siku za kazi, na saa nne kila siku ya mwisho wa juma. Jumla yake ni saa 15 na nusu. Hazikufika 17, lakini zilitosha kuendelea.

Insha ya utambuzi ni ya nini

Sehemu inayobaki inahusu insha, na ndipo kisa hiki kinapokaribia Kiingereza chenyewe. Insha ya utambuzi hutolewa juma la kwanza ili mkufunzi aone mwanafunzi anaandikaje kabla ya kufundishwa: anajengaje aya, anaiweka wapi hoja kuu, anatofautishaje maneno yake na ya mwandishi aliyemsoma, na makosa yake ya sarufi ni ya aina gani. Kwa kawaida haihukumiwi kwa ubora, na katika kozi hii alama zilitolewa kwa kuikamilisha tu. Mwanafunzi hakulijua hilo, akaitendea kama mtihani. Aliipitisha katika programu ya kusahihisha, nayo ikabadilisha sentensi nzima nzima, ikaondoa makosa ambayo mkufunzi alikuwa anayatafuta na kuacha maandishi laini yasiyo ya mtu yeyote. Lau faili lingefunguka, mkufunzi angetambua kiwango cha programu ile.

Kuna na hatari nyingine. Silabasi ilikuwa na kifungu kuhusu akili unde (AI) na programu za kusahihisha, kilichoruhusu ukaguzi wa tahajia na kukataza chochote kinachoandika upya sentensi. Sera hizi hutofautiana kutoka mkufunzi hadi mkufunzi hata ndani ya chuo kimoja, kwa hiyo kuzidhania kwa kufuata kozi nyingine hakufai. Kwa namna fulani faili lililokataa kufunguka lilimwokoa na mazungumzo magumu zaidi.

Juu ya hayo, aliandika hadithi ya maisha mahali palipotakiwa jibu kwa makala. Katika uandishi wa chuo wa mtindo huu, kujibu makala maana yake ni kueleza kwa ufupi na kwa haki mwandishi anadai nini, kisha kutoa dai lako mwenyewe na kulitetea kwa ushahidi kutoka ndani ya makala. Tukio la maisha linaweza kuingia kama ushahidi, ila haliwezi kuchukua nafasi ya dai. Umbo nalo lina kanuni zake. Kozi ilifuata mtindo wa MLA, yaani kanuni za uandishi za chama cha Modern Language Association, ambao toleo lake la 9 lilitoka mwaka 2021: nafasi mbili kati ya mistari, pambizo la inchi 1 kila upande, jina la ukoo na namba ya ukurasa juu kulia, na mistari minne ya utambulisho juu kushoto mwa ukurasa wa kwanza. Mambo haya hujifunzwa kwa nusu saa mbele ya mfano, na mfano ulikuwa ndani ya moduli iliyofungwa.

Ujumbe kwa mkufunzi

Rasimu ya kwanza ya barua pepe aliyotaka kumwandikia mkufunzi ilikuwa ya aya nne. Aliomba radhi, akaeleza shughuli za kazini, akaeleza hali ya nyumbani, akaomba radhi tena, na mwisho akauliza kama bado ana nafasi. Ilikuwa barua ya heshima, lakini mkufunzi mwenye madarasa kadhaa angeimaliza bila kujua afanye nini. Tuliiandika upya kwa mambo matano tu: jina la kozi na namba ya kundi katika mstari wa mada, kazi inayohusika, kilichotokea kwa sentensi moja, faili lililoambatishwa kwa umbo la docx (la programu ya Word) na nakala yake ya PDF, na swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana, kama aandike upya insha kwa kujibu makala au mkufunzi aipokee hii. Shukrani na salamu zilibaki, kwa kuwa hazichukui nafasi. Jambo la programu ya kusahihisha nalo liliandikwa bila kufichwa.

Jibu lilikuja ndani ya muda uliotajwa katika silabasi. Mkufunzi alimtaka aandike upya, bila msaada wa programu, na akaahidi alama kamili pungufu ya adhabu ya kuchelewa. Mjadala hakuufungua tena. Alisema kwamba wenzake walikuwa wamekwisha kusogea mbele, na kwamba kumjibu mtu aliyejitambulisha majuma mawili nyuma si mjadala. Msimamo huo naukubali, ingawa mwanafunzi aliuona mkali.

Siku hiyohiyo alirudia jaribio la silabasi, safari hii silabasi ikiwa wazi kando yake, akapata alama zote, na moduli ikafunguka. Aliacha kutumia simu isipokuwa kwa kusoma arifa. Alirekebisha saa za eneo katika wasifu wake, kwa kuwa mfumo ulikuwa ukionyesha saa za chuo na si za mahali alipo, kosa ambalo lilikuwa bado halijamdhuru. Kisha akahamisha kila tarehe kutoka silabasi na kutoka ndani ya maelekezo kwenda kwenye kalenda yake mwenyewe, na kila mjadala ukapata mistari miwili: Alhamisi na Jumapili. Kazi hiyo ilimchukua jioni nzima na ilimchosha kuliko insha. Ndani yake aligundua kwamba tarehe mbili za juma la sita zilipingana kati ya silabasi na mfumo, akauliza katika jukwaa la maswali, na mkufunzi akasahihisha kwa ajili ya darasa lote. Hilo lilikuwa andiko lake la kwanza ambalo wenzake walilisoma, na watatu walimshukuru.

Insha ya utambuzi ilirudi juma la tatu ikiwa na maoni marefu. Insha kubwa ya kwanza ilirudi juma la nne, na alama yake ilikuwa ya wastani. Mkufunzi aliandika kwamba hoja kuu inachelewa hadi aya ya tatu, kwamba sentensi mbili kamili zimeunganishwa kwa mkato mahali kadhaa, kwamba nyakati za vitenzi zinayumba anapotoka kwenye maneno ya mwandishi kwenda kwenye yake, na kwamba nukuu moja imeachwa bila namba ya ukurasa. Mwanafunzi alinitumia maoni hayo akiuliza aanze na lipi. Tulianza na hoja kuu, kwa kuwa ukiipandisha aya ya kwanza, nyingi ya zile sentensi zilizounganishwa vibaya hazihitajiki tena.